Kwa nini kazi ya kipaumbele cha juu inasubirishwa na kazi isiyohusika nayo

Swali: Ndugu mtaalamu, nimetengeneza kidhibiti cha pampu ya kisima kirefu kwa maikrokontrola ndogo inayoendeshwa na FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa vifaa. Kina kazi tatu, yaani programu tatu zinazopokezana prosesa. Kazi ya Pampu, yenye kipaumbele cha 5, husoma mkondo wa umeme wa mota kila milisekunde 100 na kuizima mota hali ikiharibika. Kazi ya Mtandao, yenye kipaumbele cha 3, hutuma taarifa kwa modemu ya simu kupitia muunganisho uliosimbwa. Kazi ya Kioo, yenye kipaumbele cha 1, huchora kioo kidogo cha nukta 128 kwa 64 mara moja kwa sekunde. Kihisi cha mkondo na kioo vinatumia njia moja ya data, ya aina ya I2C, ya kilohezi 100, nami nimeilinda kwa semafori (alama inayochukuliwa na kazi moja tu kwa wakati mmoja) niliyoiunda kwa xSemaphoreCreateBinary. Saa ya ulinzi, inayokiwasha upya kidhibiti isipolishwa kwa wakati, nimeiweka sekunde 1, na inalishwa na kazi ya Pampu peke yake. Mezani kidhibiti kilifanya kazi wiki mbili bila tatizo. Kisimani, siku ambazo mtandao ni mbovu na modemu inajiunga upya kama mara 30, kidhibiti kinajiwasha upya mara mbili au tatu. Nimepima na kuona kwamba hesabu za usimbaji wakati wa kujiunga huchukua sekunde 1.3. Lakini Pampu iko juu ya Mtandao, sasa inacheleweshwaje nayo? Nafikiria kupandisha kipaumbele cha Kioo, au kuzima makatizo (ishara zinazoisimamisha prosesa ishughulikie jambo la haraka) wakati njia inatumika, au kuongeza saa ya ulinzi iwe sekunde 5. Lipi kati ya hayo ni sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, umefanya jambo ambalo waulizaji wengi hawalifanyi, nalo ni kuleta vipimo. Kwa hiyo tuanze na vipimo vyenyewe kabla ya nadharia yoyote.

Katika njia ya I2C kila baiti husafiri kwa biti 9, nane za data na moja ya kukiri kwamba data imepokewa. Kwa kasi ya kilohezi 100, baiti moja huchukua mikrosekunde 90. Kioo chako kina nukta 8,192, na kwa kuwa kila nukta ni biti moja, picha nzima ni baiti 1,024. Ukizidisha unapata milisekunde 92 na ushee. Maana yake ni kwamba katika kila sekunde moja, kazi ya Kioo inaishika njia kwa muda wa sehemu 9 hivi kati ya 100. Modemu ikijiunga upya mara 30 kwa siku, na kila mara jibu la seva likafika wakati ambao hakuna anayeweza kuutabiri, basi karibu mara 3 hesabu za usimbaji zitaanza hasa wakati Kioo imeshika semafori. Wewe umehesabu mara mbili au tatu. Sadfa ya namna hiyo mimi siiamini.

Sasa tufuatilie tukio moja, hatua kwa hatua, kama linavyotokea ndani ya prosesa. Kazi ya Kioo imechukua semafori na imefika, tuseme, baiti ya 300 kati ya 1,024. Jibu la seva linaingia kwa modemu, katizo linaiamsha kazi ya Mtandao, na mpanga zamu wa mfumo, akiona kwamba kipaumbele cha 3 ni kikubwa kuliko cha 1, anaiondoa Kioo kwenye prosesa na kuiweka Mtandao, ambayo inaanza hesabu zake za sekunde 1.3. Milisekunde chache baadaye zamu ya Pampu inafika. Pampu inaamka, inamwondoa Mtandao bila shida yoyote kwa sababu 5 ni kubwa kuliko 3, inaomba semafori, na inaambiwa kwamba semafori imeshikwa. Hapo Pampu inalala kungoja. Nani anabaki kati ya walio tayari kukimbia? Mtandao na Kioo. Mpanga zamu anamchagua mkubwa, naye ni Mtandao. Kioo, ambayo ndiyo pekee inayoweza kuirudisha semafori, haipati hata mikrosekunde moja hadi Mtandao imalize. Sekunde 1.3 zinapita, saa ya ulinzi yenye sekunde 1 haijalishwa, na kidhibiti kinajiwasha upya.

Umeuliza Pampu inacheleweshwaje na Mtandao ilhali iko juu yake. Haicheleweshwi na Mtandao moja kwa moja. Inamsubiri Kioo, na Kioo ndiyo inayozuiwa na Mtandao. Ni kama meneja anayesimama mlangoni pa stoo akimngoja karani mwenye ufunguo, wakati karani huyo ametumwa sokoni na msimamizi asiyejua lolote kuhusu stoo. Msimamizi hajamkosea meneja adabu, ila meneja anaendelea kusimama.

Hali hii huitwa kupinduka kwa vipaumbele, na haikuanza nawe. Butler Lampson na David Redell waliieleza mwaka 1980 walipoandika kuhusu uzoefu wao na lugha ya programu ya Mesa, na mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walichapisha uchambuzi kamili wa dawa yake. Hata hivyo tukio lililoifanya ijulikane kwa kila anayeandika programu za vifaa lilitokea mbali sana, kwenye sayari ya Mirihi. Nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu linafanana na la kisima chako kwa namna ya kushangaza.

Chombo cha Mars Pathfinder cha NASA kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baada ya kuanza kukusanya vipimo vya hali ya hewa, kompyuta yake ilianza kujiwasha upya, na kila mara shughuli zilizobaki za siku hiyo ziliahirishwa hadi kesho yake. Mfumo endeshi wake ulikuwa VxWorks. Ndani yake kulikuwa na kazi mbili zilizosimamia njia ya data ya chombo kwa mzunguko wa mara 8 kwa sekunde. Moja ilipanga shughuli za mzunguko unaofuata, na nyingine iligawa data zilizokusanywa. Ile ya kupanga, kila ilipoamka, ilihakikisha kwanza kwamba ile ya kugawa imemaliza, na ikikuta haijamaliza ilihesabu kwamba jambo kubwa limeharibika na kuamuru mfumo uwashwe upya. Kulikuwa pia na kazi ya chini ya vipimo vya hewa, ambayo ilipokea data zake kwa njia iliyotumia kufuli moja ya ndani ya mfumo, na kazi ya kugawa data nayo ililazimika kupitia kufuli hiyo hiyo. Katikati yao kulikuwa na kazi nyingine nyingi za kipaumbele cha kati. Mara chache sana kazi ya vipimo vya hewa iliondolewa kwenye prosesa ikiwa imeshika kufuli, kazi za kati zikakimbia, kazi ya kugawa ikangoja, na mzunguko ukafika kabla haijamaliza.

Wahandisi wa Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA iliyokiendesha chombo, walikuwa na kompyuta pacha duniani. Waliiendesha ikiwa inarekodi kila ubadilishaji wa kazi na kila kufuli iliyoshikwa, hadi tatizo likajirudia mbele yao. Ponyo lilikuwa kubadilisha thamani moja tu. Katika VxWorks, anayeunda kufuli ya aina ya myuteksi huchagua kama iwe na urithi wa kipaumbele au isiwe nao (maneno hayo mawili nitayaeleza hapa chini), na kufuli ile iliundwa bila urithi. Walituma mabadiliko hayo Mirihi na chombo kikatulia. Glenn Reeves, aliyeongoza kikosi cha programu za chombo, alieleza baadaye kwamba dalili hiyo ilikuwa imejitokeza katika majaribio hata kabla ya kutua, ila walipojaribu kuirudia ilikataa kurudi. Wiki zako mbili za mezani, ambako modemu ilikuwa na mawimbi mazuri na haikuwa na sababu ya kujiunga upya, ni kisa hicho hicho.

Turudi kwenye FreeRTOS. Ukiuangalia mfumo endeshi wa aina hii kwa ndani, utakuta si kitu kikubwa: ni mkusanyiko wa taratibu za huduma ambazo programu yako huziita, pamoja na mpanga zamu anayeamua, baada ya kila mwito, nani akimbie. Taratibu zinazohusu kazi zenyewe ni rahisi kuelewa: kuunda kazi, kuifuta, kuilaza kwa muda fulani, kuisimamisha na kuiendeleza, kubadilisha kipaumbele chake. Sitazisemea sana, isipokuwa kwamba kama Pampu yako inalala kwa vTaskDelay, ibadilishe iwe vTaskDelayUntil, kwa kuwa ya kwanza huhesabu milisekunde 100 tangu ulipoita na hivyo mzunguko wako huchelewa kidogo kidogo, ilhali ya pili huhesabu tangu zamu iliyopita. Watu hukosea zaidi kwenye taratibu za kundi la pili, zile za kugawana rasilimali, kwa sababu kwa nje zinafanana. Semafori huombwa kwa xSemaphoreTake na kurudishwa kwa xSemaphoreGive. Myuteksi huombwa na kurudishwa kwa miito hiyo hiyo, neno kwa neno. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani ni kitu kimoja chenye majina mawili, na zipo semina ambazo mimi mwenyewe nimezikalia zinazofundisha hivyo.

Tofauti iko kwenye kile ambacho kiini cha mfumo kinakikumbuka. Kwa semafori, kama mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra alivyoibuni miaka ya 1960, kiini huweka idadi tu na orodha ya wanaongoja. Idadi ikiwa sifuri, anayeomba hulala. Anayerudisha huongeza idadi au humwamsha mmoja wa waliolala. Hakuna mahali popote panapoandikwa nani ameichukua, na hilo si kasoro, kwa sababu semafori ilikusudiwa itumike pia na watu wawili tofauti, mmoja akiwa wa kutoa tu na mwingine wa kuchukua tu. Ukikamilisha kupokea data kwa katizo na ukataka kuiamsha kazi inayozingoja, semafori ndiyo chombo chake: katizo hutoa, kazi huchukua, na hakuna anayemiliki chochote.

Myuteksi inaandika jina la mmiliki. Anayeichukua ndiye anayepaswa kuirudisha, na kiini kinajua ni nani. Ujuzi huo mdogo ndio unaowezesha dawa nzima. Pampu ikiomba myuteksi na kukuta imeshikwa, kiini hakiishii kuilaza tu. Kinamtazama mmiliki, kinaona ni Kioo yenye kipaumbele cha 1, na kinaikopesha Kioo kipaumbele cha 5 cha Pampu. Tangu hapo Mtandao, yenye 3, haiwezi tena kuitangulia Kioo. Kioo inamaliza kuandika, inarudisha myuteksi, kipaumbele chake kinashuka hadi 1 papo hapo, na Pampu inakimbia. Huo ndio urithi wa kipaumbele. Kwa semafori kiini hakiwezi kufanya hivyo hata kikitaka, kwa kuwa hakijui ni nani wa kukopeshwa.

Kwa hiyo badilisha mwito mmoja: badala ya xSemaphoreCreateBinary tumia xSemaphoreCreateMutex, na katika faili la usanidi hakikisha configUSE_MUTEXES ni 1. Katika msimbo wako, bila shaka, kuna mstari unaotoa semafori mara moja mwanzoni, kwa kuwa semafori ya xSemaphoreCreateBinary huzaliwa ikiwa tupu na bila kutolewa hakuna anayeweza kuichukua. Mstari huo ufute, kwani myuteksi huzaliwa ikiwa wazi. Miito mingine yote inabaki ilivyo. Usije ukairudisha myuteksi kutoka kwenye kazi tofauti na iliyoichukua, na kamwe usiiguse kutoka ndani ya katizo: katizo si kazi, halina kipaumbele cha kukopesha wala haliwezi kulala kungoja.

Baada ya badiliko hilo saa ya ulinzi haitalia tena, lakini nisingependa uishie hapo, maana urithi wa kipaumbele unaondoa tu kungoja kusiko na ukomo. Kungoja kwenye ukomo kunabaki. Katika hali mbaya kabisa Pampu itaomba njia mara tu Kioo inapoianza, na itangoja milisekunde zote 92. Ukiongeza muda wa kusoma kihisi chenyewe na makatizo ya modemu, umefika ukingoni mwa mzunguko wa milisekunde 100, na siku utakayoongeza kihisi kingine utakuwa umeupita. Tatizo hili lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilijificha nyuma ya lile kubwa.

Tiba yake ni kushika kufuli kwa muda mfupi. Vioo vya nukta 128 kwa 64 vinavyotumia I2C kwa kawaida vimegawanywa katika kurasa 8 zenye baiti 128 kila moja. Usichukue myuteksi kwa picha nzima. Ichukue, tuma ukurasa mmoja, irudishe, kisha uichukue tena kwa ukurasa unaofuata. Ukurasa mmoja kwa kilohezi 100 ni milisekunde 11 na nusu, bila kuhesabu baiti chache za kuonyesha ni ukurasa wa ngapi. Pampu ikiwa inangoja, itaingia katikati ya kurasa mbili, na mtazamaji wa kioo hataona lolote. Kama kihisi na kioo vyote vinaruhusu kilohezi 400, na vingi vinaruhusu, ukurasa hushuka hadi milisekunde 3 hivi. Tena, kabla hujafanya yote haya, fungua maelezo ya maikrokontrola yako uone kama haina njia ya pili ya I2C. Nyingi zinazo. Kuhamisha kihisi cha mkondo kwenye njia yake peke yake kutakugharimu nyaya mbili na vikinza viwili, na kitu kisichogawanwa hakihitaji kufuli.

Sasa mapendekezo yako matatu. La kupandisha kipaumbele cha Kioo lina ukweli ndani yake, na sitakudanganya kwamba halitafanya kazi. Ukiipa Kioo kipaumbele cha 4, Mtandao haitaweza kuiondoa ikiwa imeshika semafori, na tatizo lako la leo litakwisha. Ila utakuwa umefanya kwa kudumu kile ambacho urithi hukifanya kwa muda na pale tu panapohitajika. Kioo itakuwa inamtangulia Mtandao hata inapopanga herufi tu bila kugusa njia, na mtu atakayekuja kuongeza kazi ya kipaumbele cha 4 au 5 mwaka ujao hatajua kwamba usalama wa pampu ulitegemea namba hiyo moja. Msimbo kama huo nimewahi kurithi kutoka kwa mradi mmoja wa vipoza maziwa. Namba za vipaumbele zilikuwa zimepangwa kwa ustadi, bila neno moja la maelezo, na nilipoongeza kazi ndogo ya kuwasha taa nilivunja mambo mawili ambayo hayakuhusiana na taa.

La kuzima makatizo ndilo baya kuliko yote. Modemu yako, kama ilivyo kawaida, pengine inazungumza kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti ikiwa na biti ya kuanza na ya kumaliza, ni baiti 11,520 kwa sekunde. Katika milisekunde 92 za makatizo yaliyozimwa zinaweza kuingia baiti zaidi ya 1,000 bila mtu wa kuzipokea, na kwa kuwa vipokezi vya maikrokontrola nyingi vina nafasi ya baiti chache tu, karibu zote zitapotea. Muunganisho wako uliosimbwa utavunjika, na modemu itajiunga upya mara nyingi kuliko hapo awali. Saa ya mfumo nayo, inayohesabu kwa katizo la kila milisekunde 1, itabaki nyuma kwa milisekunde 91 kila kioo kinapochorwa, kwa sababu makatizo yaliyongoja hayapangi foleni. Linakumbukwa moja tu. Kuzima makatizo kuna mahali pake, pale unapobadilisha vigezo viwili vinavyokwenda pamoja, kazi ya mikrosekunde chache. Kusimamisha mpanga zamu kwa vTaskSuspendAll kunawaachia makatizo uhuru wao, lakini Pampu haitakimbia katika muda huo, kwa hiyo hujapata chochote.

Kuhusu kuongeza saa ya ulinzi iwe sekunde 5, fikiria mota iliyokwama kwa mchanga. Mota ya aina hiyo huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na sababu ya kuisoma kila milisekunde 100 ni kuizima kabla nyaya zake hazijaungua. Ukiongeza saa, kidhibiti hakitajiwasha upya, na Pampu bado italala zaidi ya sekunde moja bila kuitazama mota. Utakuwa umekizima king'ora na kuuacha moto.

Lipo jambo moja katika maelezo yako ambalo hukuliuliza. Umesema saa ya ulinzi inalishwa na Pampu peke yake. Basi Mtandao ikikwama kabisa, Pampu itaendelea kuilisha saa kila baada ya milisekunde 100, na kidhibiti kitaonekana kizima huku taarifa hazitumwi kwa mwezi. Ni afadhali kila kazi iweke biti yake kwenye kundi la alama, na anayelisha saa ailishe tu akikuta biti zote zimewekwa ndani ya muda unaofaa kwa kila moja: kwa Pampu milisekunde mia chache, kwa Mtandao labda dakika kadhaa.

Vilevile nina hakika, bila kuuona msimbo wako, kwamba Pampu inaomba semafori kwa portMAX_DELAY, yaani ngoja milele. Takribani kila mfano unaozunguka mitandaoni umeandikwa hivyo. Kwa kazi inayolinda mota, kungoja milele hakukubaliki hata kukiwa na urithi, kwa sababu kihisi kikiharibika na kuikamata njia ya I2C, mwenye kufuli naye hatarudi. Omba kwa ukomo wa milisekunde 30, na usome thamani inayorudishwa. Ikiwa si pdTRUE, hujaipata njia, hivyo usiiguse. Hesabu kushindwa huko, na ukishindwa mara tatu mfululizo zima mota kwanza, maswali baadaye. Nimeona programu nyingi zinazoweka ukomo na kisha kuendelea kana kwamba kufuli imepatikana, na hizo ni hatari kuliko zinazongoja milele, kwa kuwa kazi mbili huandika kwenye njia kwa wakati mmoja na hakuna anayejua.

Ukija kuongeza kufuli ya pili, kwa mfano ya kadi ya kumbukumbu, weka utaratibu wa kudumu wa ipi ichukuliwe kwanza na usiuvunje katika kazi yoyote, kwani kazi mbili zikichukua kufuli mbili kwa mpangilio tofauti, kila moja itashika yake na kuingoja ya mwenzake, na urithi wa kipaumbele hautawasaidia. Ujue pia kwamba urithi wa FreeRTOS umerahisishwa: kazi iliyoshika myuteksi kadhaa huendelea na kipaumbele cha kukopa hadi iwe imezirudisha zote, si ile moja tu iliyoombwa. Mimi hujitahidi kazi isishike mbili kwa pamoja, na mara nyingi inawezekana.

Mwisho, usiniamini mpaka uone. Kabla hujabadilisha lolote, lifanye tatizo litokee mezani. Katika kazi ya Mtandao weka kitanzi kinachokula prosesa kwa sekunde 1.3, bila kulala, na kiamshwe na kipima muda kwa vipindi visivyogawanyika na sekunde moja, kwa mfano kila milisekunde 3,701, ili kianguke mahali tofauti kila mara katika mzunguko wa Kioo. Tumia pini mbili zisizotumika: moja ipande Kioo inapochukua kufuli na ishuke inapoirudisha, nyingine ipande Pampu inapoanza kuomba na ishuke inapopata. Ziunganishe na kichanganuzi cha mawimbi. Kwa semafori yako ya sasa, mapigo mengi ya pini ya pili yatakuwa membamba, na baada ya vipindi kadhaa litatokea moja pana, kisha kidhibiti kitajiwasha upya. Weka myuteksi, rudia, na pigo pana kuliko yote litakuwa milisekunde 92 au karibu na hapo. Gawa picha katika kurasa, rudia tena, nalo litashuka hadi kama 12. Liache jaribio hilo likimbie usiku kucha kabla hujakipeleka kidhibiti kisimani, na ukiona pigo lolote linalozidi 20, niandikie ukiwa na picha ya mawimbi hayo na msimbo wa kazi zote tatu.